Maswali ya wasomaji: Hilux ya 1988 imeanguka kontroli ya moshi, ninunue karbiratere mpya?

SWALI

Papa Fundi, jambo na kazi. Niko na Toyota Hilux ya 1988, ya esanse, motere 22R ya karbiratere, haina enjeksio. Ninaikodisha kwa watu wa sutretansi hapa Lubumbashi. Tulipata kontra ya kupeleka watu na vifaa kwenye mine moja barabara ya Kolwezi, lakini mbele ya kupewa ruhusa ya kuingia gari inapita kontroli. Breki sawa, taa sawa, mipira sawa, kwa moshi njo wakanirudisha. Karatasi inasema hivi: kwa ralanti (motere inanguruma bila kukanyagwa) CO 6.8 %, HC 480, CO2 10.4 %, O2 0.7 %. Kwa mizunguko 2,500 kwa dakika CO 5.9 %. Wao wanataka CO isipite 3.5 % na HC isipite 1,200. Fundi wangu anasema karbiratere imekufa, mwingine anasema motere imechoka tuifungue yote. Inakunywa esanse mingi kuliko zamani, bujie zinatoka nyeusi, ukiiwasha asubuhi inanuka esanse mpaka kwa jirani, lakini nguvu iko na mafuta ya motere hayapunguki. Kitu ingine, mwaka jana ilikuwa inachemsha, wakatoa termosta, tangu siku ile haichemshi tena. Nianzie wapi? Kontra inanisubiri.

Papa wa Katuba

JIBU

Jambo papa. Karbiratere usinunue kwanza, na motere usikubali mtu aifungue, nakuomba sana, maana hiyo karatasi uliyopewa inasema mambo mengi na naona hakuna fundi hata mmoja kati ya wale wawili aliyeisoma mpaka mwisho, wote wamesikia tu "moshi" wakakimbilia kwenye pesa yako.

Tuisome pamoja. CO, yaani gazi ya monoksidi ya kaboni, inatoka pale esanse inakuwa nyingi kuliko hewa, yaani inaungua nusu nusu. HC ni esanse ambayo haijaungua kabisa, imepita hivi hivi mpaka kwenye eshapema, mara nyingi sababu cheche haikuruka vizuri ao supapi haifungi. Sasa angalia zako: CO iko juu sana, lakini HC 480 iko mbali na 1,200 yao. Motere iliyochoka, yenye supapi zilizoungua ao bujie moja haipigi, HC yake inapanda kwa elfu na elfu, na O2, yaani oksijeni, nayo inapanda maana ile hewa haikutumika. Yako O2 ni 0.7 tu, hewa yote imeliwa. Kwa hiyo silinda zako zote nne zinafanya kazi, cheche iko, kompresio iko. Motere yako inalishwa esanse kupita kiasi, basi. Kwa esanse hesabu ya kuungua vizuri ni kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya esanse, wewe uko chini ya hapo mbali.

Na tena wamekupimia mara mbili, hiyo ni bahati yako. Kama CO ingekuwa mbaya kwa ralanti peke yake, halafu kwa 2,500 inashuka vizuri, ningekuambia ni ile visi ya ralanti, ifungeni kidogo mambo yaishe. Lakini yako mbaya huku na mbaya kule, 6.8 na 5.9, maana yake kuna kitu kinachogusa motere wakati wote, sio visi ndogo. Fundi akikuambia "nitafunga visi kidogo itapita" unajua tayari kwamba haitapita, ao itapita kwa ralanti na kukwama kwa 2,500, na pengine itaanza kuzimika kwenye raundi-puwe.

Sasa tufike kwenye ile kitu uliyoiandika mwisho sawa vile haina maana, ile termosta. Papa, mimi naanzia hapo.

Hii desturi ya kutoa termosta iko kila garaji hapa kwetu na inaniuma, maana gari inachemsha sababu radiatere imeziba matope, ao ventilatere haivuti, ao mtu anaweka maji ya mutoni miaka yote, halafu badala ya kusafisha radiatere wanatoa termosta, sindano inashuka, mwenye gari anafurahi na ugonjwa umebaki palepale. Kazi ya termosta sio kuzuia motere isipoe. Ni kuzuia maji yasizunguke mpaka motere ifike joto lake, nyingi zinafunguka kwa digrii 82 ao 88. Bila hiyo, mwezi wa sita na wa saba, asubuhi za Lubumbashi unazijua mwenyewe, unaweza kutembea kutoka Katuba mpaka nje ya mji na motere bado haijapata moto. Motere ya baridi esanse haigeuki mvuke vizuri, inashika kwenye kuta za silinda, inateremka chini kwenye mafuta. Kama karbiratere yako iko na starteri ya otomatiki (ile sahani inayofunga hewa motere ikiwa ya baridi) ni mbaya zaidi, maana yenyewe inangoja joto ndio ifunguke, joto halifiki, inabaki imefunga hewa nusu siku nzima. Hapo CO inapanda, bujie zinakuwa nyeusi, harufu ya esanse inakuja asubuhi. Yote uliyoandika.

Kwa hiyo weka termosta mpya, na mbele ya kuiweka ipime: itie kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na termometa, usiache igonge chini ya sufuria, uangalie inafunguka kwa ngapi. Kwa urefu wetu hapa, karibu metre 1,200 juu ya bahari, maji yanachemka karibu 96 wala sio 100, lakini termosta ya 82 ao 88 itakuwa imefunguka mbele. Ikikatala kufunguka mpaka maji yanachemka irudishe dukani. Lakini papa usiiweke bila kushughulika na radiatere, maana ile sababu ya kuchemsha ya mwaka jana bado iko mule. Osha radiatere, angalia kifuniko chake kinashika presha, angalia ventilatere inavuta, weka maji masafi na dawa ya radiatere. Hapo tu njo termosta itakaa bila kukusumbua.

Kitu cha pili, mafuta ya motere, yabadilishe, na usiseme "niliyabadilisha juzi". Esanse iliyoteremka mule mwaka mzima inatoka kama mvuke na kurudi kunyonywa na motere kupitia ule tuyo unaotoka kwenye kifuniko cha supapi. Unaweza kuwa na karbiratere safi kabisa na CO bado iko juu sababu ya mafuta peke yake. Kuna namna ya kuhakikisha kama una mtu mwenye mashine ya gazi: motere ikiwa ya moto, toa ule tuyo uache uvute hewa ya inje, uangalie CO. Ikishuka kwa pointi moja ao zaidi, mafuta yako yamejaa esanse. Kama hauna mashine, toa kijiti cha kupimia mafuta unuse, pua haidanganyi kwa hiyo.

Hewa sasa. Vumbi nyekundu ya kiangazi ya huku inajaza filtiri upesi sana, na wengi wanaipiga kompresa kila wiki mpaka karatasi inatoboka, halafu vumbi inaingia kwenye silinda, bora ununue mpya. Jaribio lake ni jepesi: pima na filtiri, itoe, pima tena palepale. CO ikianguka sana, filtiri njo mwenye kosa. Ukishaitoa, mulika ndani ya mdomo wa karbiratere motere ikiwa ya moto: ile sahani ya juu ya starteri inapaswa kusimama wima kabisa. Ikiwa imelala hata kidogo, umepata mwizi mwingine. Kwa zile za kuvuta na mkono, mara nyingi waya imekauka haitaki kurudi mpaka mwisho, unafikiri umesukuma kumbe sahani iko nusu.

Karbiratere yenyewe inakuja hapo, baada ya hayo yote, na hata hapo sio kununua. Ifungueni muiangalie. Esanse inasimama juu sana mule ndani? Angalia sindano ya flotere (ile boya inayofunga esanse ikijaa), ikiwa na alama ya pete kwenye ncha haifungi tena, na flotere yenyewe itikise usikie kama imeingiza esanse. Zile bido za kadafi, wauza esanse wa barabarani, zinakuja na maji, na takataka ndogo ndogo, punje moja ikikaa chini ya ile sindano esanse inafurika, kwa hiyo weka na filtiri ya esanse mpya. Halafu jigleri, zile tundu ndogo zinazopima esanse. Hapa ninaomba kwa nguvu zote: jigleri haisafishwi na waya. Inapuliziwa, inaoshwa na dawa, waya hapana. Ile tundu imetobolewa kwa kipimo kidogo sana, ukipitisha waya ya chuma unaipanua, na ikishapanuka hakuna visi ya kuirudisha. Kama kuna mtu alishapitisha waya, nunua kiti ya karbiratere, yaani jigleri, sindano na mipira yake. Kiti inagharimu kidogo mbele ya karbiratere nzima, na tena zile karbiratere za bandia zinazouzwa sokoni mara nyingi jigleri zake hata haziendani na motere hii.

Niseme na jambo la urefu wa mji maana watu hawalifikiri. Karbiratere nyingi zilipangwa kwa nchi za chini, karibu na bahari. Kwa metre 1,200 hewa ni nyepesi, kama sehemu moja juu ya nane imepungua, na Kolwezi iko juu zaidi ya hapa. Karbiratere haijui hayo, inaendelea kutoa esanse karibu ileile kwa hewa iliyopungua, kwa hiyo kila gari ya karbiratere huku inaegemea upande wa esanse nyingi. Hiyo peke yake haikufikishi 6.8, lakini inaongezea. Ukiwa na fundi anayejua, jigleri kubwa inaweza kushushwa namba moja, sio mbili, maana ukipunguza sana motere inapiga joto na supapi zinaungua.

Wakati kapo iko wazi, pimeni na nafasi ya supapi, kwa 22R ikiwa ya moto ni milimetre 0.20 za kuingiza na 0.30 za kutoa, bujie nafasi 0.8. Ni kazi ya asubuhi moja. Alumaji (saa ya cheche kuruka) iangaliwe na taa yake, tuyo ndogo za vakiumu zikaguliwe, zile zimekauka na kupasuka. Kutafuta hewa inayoingia kwa wizi, tumieni maji kwenye kipulizio, muyapulize pole pole kuzunguka chini ya karbiratere, ralanti ikibadilika ni hapo. Wengine wanapuliza esanse juu ya motere ya moto, tafadhali msifanye hivyo, gari zimeungua.

Visi ya ralanti ni ya mwisho. Motere ya moto, filtiri mpya iko mahali pake, unazungusha polepole mpaka motere inakimbia vizuri kabisa, halafu unaifunga kidogo mpaka unasikia inataka kushuka, unasimama hapo, unarudisha ralanti kwa 700 mpaka 800. Karbiratere nzima yenye afya inaweza kukupatia CO ya 1 mpaka 2 bila shida. Hii 3.5 yao haikutoka hewani, ni kipimo cha Ulaya kwa gari za karbiratere zilizoandikishwa baada ya Oktoba 1986, zile za mbele yake zinaruhusiwa 4.5. Kwa hiyo gari ya 1988 hawakuionea.

Siku ya kurudi kontroli, fika na motere ya moto kweli, sio umeiwasha pale mlangoni. Na usiiache kwenye foleni inanguruma ralanti nusu saa, esanse inajikusanya na bujie zinachafuka. Ikikaribia zamu yako ishike kwa 2,500 kidogo, halafu ingia. Na mtu akikuambia utoboe eshapema ili hewa iingie CO ionekane ndogo, mkatalie, mashine inasoma O2 na CO2 pia, itaona O2 imepanda na CO2 imeanguka, watajua mara moja na kontra utaipoteza kwa aibu.

Neno moja la mwisho kwako papa, na hili silisemi kwa kontroli. Gari inayotoa CO ya karibu 7 usiiwashe kwenye garaji iliyofungwa wala ndani ya parseli karibu na dirisha la watoto asubuhi. Ile gazi haina harufu, harufu unayosikia ni ya esanse. CO yenyewe haionekani, hainuki, na inaua watu wakiwa wamelala. Mpaka umeitengeneza, isukume inje mbele ya kuiwasha.

SWALI

Muzee, mimi ni kijana wa Ruashi, ninaendesha Hilux ya mazutu, motere 3L, haina turbo. Moshi mweusi ukikanyaga, polisi wananisimamisha kila siku. Tajiri anataka tuipitishe kwenye kipimo cha moshi, bado sijapeleka. Fundi alifungua visi ya pompi mwaka jana ili ipande mlima na mzigo. Nisafishe injekteri?

JIBU

Kijana, injekteri ndiyo, lakini jibu umeliandika mwenyewe kwenye ile sentensi ya visi. Moshi mweusi ni mazutu mengi bila hewa ya kutosha kuyaunguza, na gari isiyo na turbo haina hewa ya ziada ya kuipa, kwa hiyo ukiongeza mazutu unapata nguvu kidogo sana, sehemu nyingine yote inatoka nyuma ikiwa masizi. Rudisheni ile visi ilipokuwa. Gari itapanda mlima polepole na mzigo mdogo, njo haki yake. Mweleze tajiri kwa heshima kwamba kama anataka kubeba zaidi anunue gari kubwa, pompi haiwezi kugeuza 3L kuwa kamio.

Halafu filtiri ya hewa, halafu injekteri zipelekwe kwa mtu mwenye banki ya kuzipima, aone zinapuliza ukungu ao zinadondosha, na pompi ipangwe vizuri na motere, ikichelewa kupiga moshi unaongezeka. Ukiona moshi wa buluu hiyo ni mafuta ya motere, ugonjwa mwingine. Mweupe wa asubuhi unaopotea ni baridi tu, usipopotea angalia bujie za kuwashia na kompresio.

Kipimo chenyewe wanakanyaga mpaka chini motere ikiwa haina mzigo, mara kadhaa, na mashine inapima jinsi moshi unavyoziba mwanga. Kwa Ulaya motere za zamani zisizo na turbo zinaruhusiwa 2.5, za turbo 3.0. Sasa sikiliza vizuri: kukanyaga mpaka mwisho hivyo kunaumiza motere mbovu, na 3L iko na mukanda wa distribisio, ule unaozungusha supapi, unabadilishwa kila kilometa 100,000. Kama haujui ulibadilishwa lini, ubadilishe MBELE ya kipimo, ukikatika pale supapi zinagonga pistoni na gari inarudi nyumbani kwa kamba. Mafuta yawe kwenye kiwango, motere iwe ya moto, na siku ile itembeze kwanza kwenye barabara ya Likasi kwa nguvu kidogo, nusu saa hivi, masizi ya kwenye eshapema yatoke huko barabarani.

SWALI

Fundi, pikapu yangu ni ya 2003, esanse na enjeksio. Taa ya motere inawaka, kipimo CO 1.9. Mtu fulani anasema katalizeri (ile ya kwenye eshapema inayosafisha gazi) imeziba, niitoe nimuuzie. Mama wa Kampemba

JIBU

Mama, usimpe. Huyo mtu anataka platini, paladi na rodi zilizo mule ndani, njo maana bei yake nzuri. Gari ya enjeksio yenye katalizeri haipimwi kwa 3.5 kama ya papa wa juu, kwa Ulaya gari ya 2003 inapimwa kwa 0.3 ya ralanti na 0.2 ya mizunguko ya juu, na bila katalizeri hautafika hapo hata motere ikiwa mpya. Ukiitoa, umefunga mlango.

Ile taa inayowaka njo ya kuanzia. Tafuta garaji yenye skana, wasome kodi, na kabla ya kuuza kitu chochote waangalie sonda ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye eshapema na kuambia kompyuta, maana ikichoka kompyuta inamwaga esanse bila kujua, CO inapanda, na katalizeri inapikwa na ile esanse mpaka inakufa kweli. Waangalie bujie na waya zake, na kama kuna tundu kwenye eshapema mbele ya sonda lizibwe, sonda inadanganywa na hewa inayoingia hapo. Sonda ikishabadilishwa, tembeza gari siku kadhaa halafu pima tena. Ikibaki juu, gonga katalizeri kwa ngumi ikiwa ya baridi: ikilia mawe yanatembea ndani imevunjika, basi nunua nyingine na hiyo ya zamani uiuze wewe mwenyewe, kwa bei yake.

Wengine wanauliza kama esanse yetu haitaua katalizeri mpya. Esanse ya risasi ndiyo ilikuwa inaziua, na huku kusini mwa Sahara iliondolewa mwanzoni mwa 2006, nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria mwaka 2021. Kwa hiyo risasi isikutishe. Ogopa bido isiyojulikana imetoka wapi, na ogopa motere inayopiga silinda tatu ambayo unaendelea kuiendesha.

Barua za wiki ijayo: tuandikieni aina ya gari, mwaka, namba ya motere kama 22R ao 3L, na tafadhali namba ZOTE za kwenye karatasi ya kipimo, sio CO peke yake.